Laini ya 16 imezimwa: anayetajwa na logi siye mkosaji

Mashine ni ya x86 yenye Linux. Ina kadi moja ya PCIe ya kupokea vipimo, na ilifanya kazi bila tatizo mpaka kerneli, yaani kiini cha Linux, iliposasishwa. Tangu hapo inawaka kama kawaida, inakaa sawa kwa saa kadhaa, kisha ghafla kibodi na kipanya vya USB vinaanza kusuasua. Herufi zinatoka kwa mafungu, kishale kinaruka badala ya kuteleza, na faili ambalo diski ya nje ililinakili kwa dakika moja sasa linachukua zaidi ya saa. Mtandao hauna shida. Diski ya ndani haina shida. Ukizima na kuwasha upya, kila kitu kinarudi, mpaka litokee tena.

Kwenye `dmesg`, yaani logi ya kerneli, kuna mistari hii, ikiwa imezungukwa na orodha ndefu ya anwani za kumbukumbu:

```
irq 16: nobody cared
handlers:
usb_hcd_irq
Disabling IRQ #16
```

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaona neno USB, wanaona dalili ziko kwenye USB, wanahitimisha kuwa kidhibiti cha USB kimeharibika. Kebo zinabadilishwa, kibodi inabadilishwa, pengine hata ubao mama. Lakini mistari hiyo inasema kitu tofauti kabisa: laini ya 16 (IRQ 16, njia ambayo vifaa huitumia kuomba huduma) ililia mfululizo, kerneli ikawauliza wote waliojiandikisha kwenye laini hiyo, na wote wakasema "si mimi". Anayeorodheshwa chini ya `handlers` ndiye aliyeulizwa akakana, na mara nyingi anasema kweli. Mkosaji ni yule ambaye jina lake halimo.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuangalia laini hizi zinavyofanya kazi. PCI, njia ya kuunganisha kadi kwenye mashine, ina laini nne za interapti (mwito wa kifaa kwa prosesa), INTA# hadi INTD#, na vifaa vingi huchangia laini moja kwa makusudi. Kifaa kinachotaka huduma huivuta laini chini na kuishikilia hivyo mpaka draiva yake (programu inayokiendesha) iondoe sababu ya mwito. Kwenye PCIe hakuna waya halisi; kuna ujumbe wa Assert_INTx wa kuanza na Deassert_INTx wa kuacha. Kwa upande wa IO-APIC, chipu inayopokea miito na kuipeleka kwa prosesa, hata hivyo, tabia ni ileile: laini ikiwa chini, interapti ipo. Kerneli inaita vipokezi vyote (sehemu za draiva zinazojibu interapti) vya laini hiyo kimoja baada ya kingine. Kila kipokezi kinasoma rejista ya hali ya kifaa chake na kurudisha IRQ_HANDLED kama mwito ni wake, au IRQ_NONE kama si wake.

Sasa tuseme kifaa kimoja kinaishikilia laini na draiva yake haipo. Wote waliopo wanarudisha IRQ_NONE, kerneli inaiambia IO-APIC kuwa imemaliza, na kwa kuwa laini bado iko chini, interapti inaingia tena papo hapo. Prosesa iliyopangiwa laini hiyo haipati nafasi ya kufanya kazi nyingine. Ndiyo maana kerneli inahesabu. Katika kila interapti 100,000, kama zaidi ya 99,900 hazikuwa na mwenyewe, laini inazimwa. Kwa laini iliyoshikiliwa, idadi hiyo inafikiwa upesi sana, na mtumiaji anachoona ni mashine kuganda kidogo tu.

Kizingiti hicho cha 99,900 kina maana kubwa katika uchunguzi. Draiva ikifuta mwito kwa kuandika kwenye rejista, na uandishi huo ukachelewa njiani, laini inaweza kuwa bado iko chini wakati kipokezi kimemaliza. Interapti ya pili inaingia, hali imeshafutwa, na IRQ_NONE inarudishwa. Hili ni kosa la kweli na lafaa kurekebishwa, lakini linazaa takriban nusu ya interapti zisizo na mwenyewe, na nusu haitoshi kuzima laini. Kwa hiyo ujumbe wa `nobody cared` ukitokea, ujue kuna kitu kimeishikilia laini moja kwa moja. Si suala la interapti chache zilizopotea njia.

Na neno "mgongano", yaani vifaa viwili kupewa namba moja ya IRQ, lieleweke vizuri. Zama za ISA, mfumo wa kadi uliotangulia PCI, kadi mbili zikipewa IRQ 5, moja ilikuwa haifanyi kazi, na dawa ilikuwa kuhamisha jampa. Kwenye PCI vifaa viwili kuwa na namba moja si kosa. Mgongano wa namba uliobaki kwenye Linux ya leo hutokea hasa pale draiva moja inapoomba laini kwa bendera ya IRQF_SHARED na nyingine bila bendera hiyo. Huo unajieleza wenyewe: logi inaandika `Flags mismatch irq`, na draiva ya pili inakataliwa kwa kosa -16. Hapa hakuna mstari wa aina hiyo, kwa hiyo njia hiyo tunaifunga mapema.

Kusuasua nako kuna maelezo. Baada ya kuzima laini, kerneli haiwatupi waliokuwemo. Inawaulizia kwa saa yake yenyewe, kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde. Kibodi inaishi hivyo, kwa shida. Diski ya USB 2.0 inaumia zaidi: kwa kawaida agizo moja hubeba hadi KiB 120, na kila agizo lina hatua tatu, yaani amri, data na jibu, kila moja ikisubiri kuhudumiwa. Hatua tatu kwa milisekunde 100 kila moja ni maagizo kama matatu kwa sekunde, sawa na KB 400 hivi. Ukiona kasi ya diski ya nje imeangukia hapo, tayari una dokezo kabla hata ya kufungua logi. Mtandao na diski ya ndani vimepona kwa sababu vinatumia MSI, yaani interapti inayotumwa kama ujumbe, ambayo haipiti kwenye laini hii kabisa.

Tiba za haraka zilizojaribiwa

Ujumbe kamili wa kerneli wenyewe unapendekeza `irqpoll`, na hilo ndilo huwa la kwanza kujaribiwa. Chaguo hilo limekusudiwa laini iliyoelekezwa kombo, pale kifaa kinapolia kwenye 16 huku kipokezi chake kimesajiliwa kwenye 19. Kerneli inazunguka vipokezi vya laini nyingine ikitafuta mwenye mwito. Katika kisa hiki hakuna kipokezi cha mkosaji popote, kwa hiyo kuzunguka hakuleti kitu: laini inazimwa vilevile, na gharama ya kuzunguka inabaki. `noirqdebug` ni mbaya zaidi, maana inaondoa kuhesabu, na prosesa moja inabaki imezama kwenye dhoruba bila mwisho. `noapic` inairudisha mashine kwenye chipu mbili za zamani za 8259 zenye laini 15 kwa jumla, vifaa vinabanana zaidi, na uwezekano wa asiyehusika kuumia unaongezeka.

Tiba ya nne ndiyo inayodanganya kuliko zote: kuhamisha kadi kwenda sloti nyingine. Kadi ikahamishwa, ikapata laini ya 17 peke yake, na tatizo likatoweka. Wengi wangefunga faili hapo. Lakini jiulize kwa nini limetoweka. Kipokezi cha mwisho cha laini kinapoondolewa kwa `free_irq`, kerneli inaifunga laini nzima kwenye IO-APIC. Kadi ikiwa peke yake inaweza kuivuta laini mchana kutwa na hakuna anayesikia. Kwenye 16 laini ilibaki wazi kwa sababu USB ilikuwa bado inaitumia. Kosa liko palepale. Limekosa tu jirani wa kumuumiza. Kadi irudishwe kwenye sloti ya awali, uchunguzi uendelee huko linakoonekana.

Kumtafuta anayeishikilia laini

Ingia kwa SSH, usitegemee kibodi ambayo iko kwenye laini yenyewe. Kwanza angalia nani kasajiliwa:

```
grep ' 16:' /proc/interrupts
 16:  431207  0  0  0  IO-APIC  16-fasteoi  ehci_hcd:usb1
```

Soma mara mbili kwa kupishana sekunde chache. Namba ikiwa imeganda ingawa USB inatumika, laini imezimwa. Zote zimeangukia safu ya prosesa moja, jambo la kawaida kwa laini ambayo haijagawanywa. Kisha `cat /sys/kernel/irq/16/type` irudishe `level`. Ikirudisha `edge` kwa laini ya PCI, acha haya mengine yote na uende kwenye jedwali za ACPI (maelezo ya vifaa yanayotolewa na mashine yenyewe), kwa sababu mashine inasoma laini kwa namna isiyo yake.

Faili la `/proc/irq/16/spurious` linafaa kabla ya ajali, si baada yake. Hesabu zake mbili, `count` na `unhandled`, hurudishwa sifuri laini inapozimwa, na kule kuulizia kwa kila milisekunde 100 hakuhesabiwi. Kuna wanaolisoma baada ya tukio, wanaona sifuri, wanasema laini ni safi. Si hivyo.

Ukitaka kuishuhudia dhoruba yenyewe, washa ufuatiliaji kabla haijatokea:

```
cd /sys/kernel/tracing
echo 'irq==16' > events/irq/irq_handler_entry/filter
echo 'irq==16' > events/irq/irq_handler_exit/filter
echo 1 > events/irq/irq_handler_entry/enable
echo 1 > events/irq/irq_handler_exit/enable
```

Siku ya kawaida `trace` inaonyesha `name=ehci_hcd:usb1` ikifuatwa na `ret=handled`. Dhoruba ikianza, jozi hizo zinabadilika ghafla kuwa `ret=unhandled`, moja juu ya nyingine. Hapa ilionekana wazi kuwa badiliko linatukia pale ishara ya kwanza ya nje inapoingia kwenye kadi ya vipimo. Hilo ndilo lililoeleza zile saa kadhaa za utulivu: kadi haikuwa na la kulilia mpaka chombo kilichounganishwa nayo kiwashwe.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye rejista za PCI zenyewe. Tangu toleo la 2.3 la PCI, kila kifaa kina biti mbili za msaada mkubwa: biti ya 3 ya rejista ya hali, inayosema "nina mwito unaosubiri", na biti ya 10 ya rejista ya amri, inayokizuia kifaa kuivuta laini. `lspci -vv`, ikiendeshwa na root, inaziandika INTx na DisINTx, + ikiwa biti imewashwa na - ikiwa imezimwa. Unachotafuta ni kifaa chenye INTx+ pamoja na DisINTx-. Zote mbili ziwe hivyo kwa wakati mmoja, kwa sababu INTx+ pekee inaweza kuonekana kwenye kifaa ambacho kimezuiwa na hakimsumbui mtu.

```
04:00.0 Signal processing controller
    Control: I/O- Mem+ BusMaster- DisINTx-
    Status: Cap+ INTx+
    Interrupt: pin A routed to IRQ 16
```

Mistari imefupishwa, lakini kisa chote kimo humo. Kadi inalia. Haijazuiwa. Iko kwenye 16. Na mstari wa `Kernel driver in use`, ambao ungefuata chini yake, haupo: kadi haina draiva.

Mitego miwili hapa. Wa kwanza: baada ya laini kuzimwa, hata kidhibiti cha USB kinaweza kuonyesha INTx+, maana mwito wake halali unasubiri zamu ijayo. Rudia kusoma mara kadhaa. Asiye na kosa anabadilika kati ya + na -, mkosaji habadiliki. Wa pili: kifaa ambacho hakijawahi kuwezeshwa na draiva yoyote huonyesha namba ya IRQ iliyoachwa na fimuwea ya mashine (programu iliyojengwa ndani yake), kwa mfano 11, wala si namba halisi ya IO-APIC. Linux hupanga njia halisi pale draiva inapoita `pci_enable_device`. Kwa hiyo ukichuja orodha kwa "IRQ 16" peke yake unaweza kumruka mkosaji. Chuja kwa INTx+. Hapa kadi ilionyesha 16, na hilo lenyewe ni ushahidi: kuna draiva iliwahi kuigusa, kisha ikaondoka.

Kama hakuna kifaa hata kimoja chenye INTx+ na DisINTx- huku laini bado inalia, basi mshuku daraja la PCIe kwenda PCI. Kuna madaraja yanayopoteza ujumbe wa Deassert_INTx, IO-APIC ikabaki inaamini kuwa laini iko chini ilhali kifaa kimeshanyamaza. Kadi za zamani zilizotangulia 2.3 nazo hazina biti hizi. Kwa hizo, inabidi kuzichomoa moja moja.

Thibitisha kabla ya kumhukumu mtu. Izuie kadi, kisha uifufue laini:

```
setpci -s 04:00.0 COMMAND=0400:0400
echo 0000:00:1a.0 > /sys/bus/pci/drivers/ehci-pci/unbind
echo 0000:00:1a.0 > /sys/bus/pci/drivers/ehci-pci/bind
```

Amri ya kwanza inawasha biti ya 10 peke yake, bila kugusa nyingine. Mbili zinazofuata zinaiondoa draiva ya USB na kuirudisha. Kipokezi kinaposajiliwa upya, kerneli inaipa laini iliyozimwa nafasi nyingine, kwa hiyo huhitaji kuwasha mashine upya. Usifanye hivi kama mfumo wa faili wa mizizi uko kwenye diski ya USB hiyohiyo. Kibodi ikarudi kasi yake, laini ya 16 ikahesabu kwa utulivu. Kisha `setpci -s 04:00.0 COMMAND=0000:0400` kuirudishia kadi uhuru wake, na papo hapo `nobody cared` ikaandikwa tena. Jaribio linalolizima tatizo na kuliwasha kwa biti moja halimwachii mtu shaka.

Kwa nini kadi haina draiva

Jibu lilikuwa kwenye `dmesg` tangu mwanzo, saa nyingi kabla ya dalili, mahali ambapo hakuna aliyetazama:

```
vipimo 0000:04:00.0: Direct firmware load for vipimo.bin failed with error -2
vipimo: probe of 0000:04:00.0 failed with error -2
```

Kosa -2 ni faili kutopatikana. Lakini `/lib/firmware/vipimo.bin` lipo, `ls` inalionyesha! Lipo kwenye diski. Wakati draiva inapakiwa, diski hiyo ilikuwa bado haijaunganishwa. Baada ya kusasisha kerneli, initramfs (mfumo mdogo wa faili unaotumika mwanzoni mwa kuwaka, kabla diski haijaunganishwa) iliundwa upya, safari hii ikiwa na moduli ya `vipimo` ndani yake bila faili la fimuwea ya kadi. Moduli ikapakiwa mapema mno, ikatafuta faili ndani ya initramfs, ikalikosa. `lsinitramfs` au `lsinitrd` inathibitisha: moduli imo, faili halimo. Na `modinfo -F firmware vipimo` hairudishi kitu, maana mwandishi wa draiva hakuweka MODULE_FIRMWARE, na zana za kuunda initramfs hazina njia nyingine ya kujua kuwa moduli hii inategemea faili hilo.

Hadi hapo ni kasoro ndogo. Kilichoigeuza kuwa dhoruba ni mpangilio wa kazi ndani ya draiva:

```c
ret = request_irq(pdev->irq, vipimo_isr, IRQF_SHARED, "vipimo", d);
writel(INT_ALL, d->regs + REG_INT_ENABLE);
ret = request_firmware(&fw, "vipimo.bin", &pdev->dev);
if (ret)
        goto err_irq;
/* ... */
err_irq:
        free_irq(pdev->irq, d);
        pci_disable_device(pdev);
        return ret;
```

Kadi inaruhusiwa kulia kabla fimuwea haijapatikana. Fimuwea ikikosekana, kipokezi kinaondolewa, lakini hakuna aliyeiambia kadi inyamaze. `pci_disable_device` ina jina linalowapotosha wengi: kwenye rejista ya amri inaondoa uwezo wa kadi kuandika kwenye kumbukumbu, ndiyo ile BusMaster- tuliyoiona, lakini haiwashi DisINTx. Kadi inabaki na ruhusa ya kuivuta laini, na hakuna wa kuihudumia.

Marekebisho

Faili liingizwe kwenye initramfs. Kwa dracut, mstari wa `install_items+=" /lib/firmware/vipimo.bin "` ndani ya `/etc/dracut.conf.d/` unatosha, kisha initramfs iundwe upya; kwa initramfs-tools andika skripti fupi ndani ya `/etc/initramfs-tools/hooks`, kisha `update-initramfs -u`. Njia iliyo bora ni kuongeza MODULE_FIRMWARE kwenye draiva ili zana zijue zenyewe. Hii inairudisha kadi kazini leo, ila haigusi hatari yenyewe: siku nyingine `probe` (hatua ya draiva kuitayarisha kadi) itakwama kwa sababu nyingine, na USB italipa tena.

Draiva ndiyo inayotakiwa kubadilika. Mwanzoni mwa `probe`, mara tu rejista zinapofikika, andika sifuri kwenye rejista ya kuruhusu interapti na ufute hali yoyote iliyobaki. Usiamini kwamba kadi imekujia safi. Huenda fimuwea ya mashine au kerneli iliyotangulia iliiacha ikilia. Fanya kazi zote zinazoweza kushindikana, fimuwea ikiwemo, kisha sajili kipokezi, na kuruhusu interapti kuwe jambo la mwisho kabisa. Njia ya kushindwa irudi kinyume chake:

```c
err_irq:
        writel(0, d->regs + REG_INT_ENABLE);
        readl(d->regs + REG_INT_ENABLE);
        free_irq(irq, d);
```

Ule mstari wa `readl` usiuondoe kwa kudhani hauna kazi. Uandishi kwenye PCI unaweza kukaa njiani. Kusoma kutoka kifaa hichohicho kunaulazimisha ufike kwanza. Bila kusoma, `free_irq` inaweza kutangulia na ukarudi ulikotoka kwa muda. Ongeza `pci_intx(pdev, 0)`, inayowasha DisINTx, kama kinga ya pili. Mpangilio uleule uwekwe kwenye `remove` na `shutdown`. Wanaotumia kdump, yaani kerneli ya pili inayowaka ya kwanza ikifa, wanalijua jambo hili kwa njia nyingine: kerneli ya pili inawaka huku vifaa vikiwa bado vinalia kwa ajili ya kerneli iliyokufa, na ndiyo sababu `irqpoll` huwekwa kwenye amri ya kuiwasha.

Kadi yenyewe inaonyesha uwezo wa MSI kwenye `lspci -vv`, `Enable-`, maana draiva haikuwahi kuuomba. Badilisha `request_irq` ya moja kwa moja: ita kwanza `pci_alloc_irq_vectors(pdev, 1, 1, PCI_IRQ_ALL_TYPES)`, kisha chukua namba kwa `pci_irq_vector(pdev, 0)`. MSI ikiwashwa, kifaa hakiruhusiwi kutumia INTx, na interapti inakuwa uandishi mmoja kwenye kumbukumbu usioweza "kushikiliwa" chini. Usisahau `pci_set_master`: bila uwezo wa kuandika kwenye kumbukumbu, MSI haitoki, na utabaki na kadi iliyo kimya kabisa bila kosa lolote kwenye logi. IRQF_SHARED iachwe mahali pake kwa ajili ya mashine ambako MSI haipatikani. Lakini MSI isiwe kisingizio cha kuacha ule mpangilio wa kuzima, kwa sababu MSI yenyewe huzimwa `probe` inaposhindwa, na kadi iliyobaki na ruhusa ya kulia inarudi kwenye INTx.

Kipokezi nacho kikaguliwe. Kisome hali, ikiwa sifuri, kirudishe IRQ_NONE, ikiwa 0xffffffff, kifaa kimetoweka na jibu ni IRQ_NONE vilevile. Kuna draiva zinazorudisha IRQ_HANDLED kila mara "kwa usalama". Hizo zinaipofusha kerneli: dhoruba ikitokea, hesabu ya zisizo na mwenyewe haipandi, laini haizimwi, na unachoona ni namba kwenye `/proc/interrupts` ikikimbia huku prosesa moja ikiwa imejaa. Ukikuta dalili hiyo bila `nobody cared`, anza kwa kusoma vipokezi vyote vya laini hiyo.

Jaribio la kukubali marekebisho lisiwe kuwasha mashine na kusubiri. Liunde tatizo kwa makusudi, kadi ikiwa kwenye sloti yake ya awali pamoja na USB. Ondoa moduli kwa `rmmod`, badilisha jina la `vipimo.bin`, pakia moduli ishindwe kwa kosa -2, kisha ingiza ishara ya nje. Draiva ya zamani inaizima laini papo hapo. Iliyorekebishwa inaacha `unhandled` ikiwa haipandi, na `lspci -vv` inaonyesha DisINTx+ kwenye 04:00.0. Lifanye na MSI ikiwa imezuiwa kwa `pci=nomsi`, ili njia ya INTx ipimwe kweli. Kama kerneli ya majaribio ina CONFIG_DEBUG_SHIRQ, itakiita kipokezi mara moja ya ziada wakati wa `free_irq`. Draiva inayoachilia kumbukumbu yake kabla ya hapo itaanguka mezani kwako, kabla haijafika kwa mtumiaji.